Namba ya Ukutani

Wahran, Jumapili 15 Januari 2023

Kwa Bi Zulikha Benchenafi,
Duka la Halua za Setti, Tilimsani

Bi Zulikha, salamu na heshima.

Hunijui. Jina langu ni Huaria Meddah, na barua hii nimeificha chini ya karatasi ya sinia la makruti kwa sababu nimepiga simu dukani kwako mara tatu, na kila nikitaja maabara ya Profesa Miludi simu inakatika. Mtandao wa Tilimsani hauwezi kuwa mbovu kiasi hicho. Ami Lahsen wa teksi amekubali kurudisha masinia matupu pamoja na mzigo wangu, na ameahidi hatauliza ni nini.

Nimekujuaje? Kwa saba zako. Wiki iliyopita mwenzetu Faiza alitetea tasnifu yake, na familia yake ikaagiza halua kwako kama familia zote. Kila sinia lilikuwa na kikaratasi: makruti 70, kaaki 70, griweshi 70. Nikazitazama zile saba zenye mkia mrefu na kamstari katikati, nikasema hizi nazijua, naamka nazo kila siku mwaka wa sita huu. Ziko kwenye fremu juu ya kompyuta yangu, katika ile orodha ya nishati za atomu kumi na tisa, kila atomu ikiwa peke yake, na pembeni "Z. Benchenafi, Mei 2011". Hapa maabara wengine hudhani umekufa, wengine hudhani uko Kanada. Kumbe uko saa mbili tu kutoka hapa, unakaanga. Na wenzangu walinieleza jambo jingine la ajabu: kila mtu wa maabara yetu anapotetea, duka lako huongeza sinia moja ambalo hakuna aliyeliagiza.

Sijui asali imekusahaulisha kiasi gani, kwa hiyo nakukumbusha kazi yetu. Ukiudhika vizuri, ndipo utajibu. Tunaichora karatasi ya kaboni, ile yenye unene wa atomu moja, ndani ya kompyuta, tunaweka atomu moja ya chuma juu yake, tunahesabu nishati. Halafu tunahesabu karatasi bila chuma. Halafu chuma bila karatasi, atomu peke yake ndani ya kisanduku kitupu. Tunatoa. Kinachobaki kinatuambia karatasi imekishika chuma kwa nguvu gani. Hesabu tatu. Mbili tunazifanya wenyewe kwa jasho. Ya tatu, atomu peke yake, hakuna anayeifanya. Tunainua macho, tunaichukua ukutani.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nafundisha wanafunzi wapya, nikahesabu atomu ya chuma peke yake kama zoezi tu, na nikasahau kuzima spini. Unajua chuma kilivyo, elektroni zake ni sumaku ndogondogo zinazoelekea upande mmoja, na usipoiambia kompyuta hivyo inazipatanisha kwa lazima na kukupa atomu ambayo haipo duniani. Namba niliyoipata iko chini ya ile ya ukutani kwa zaidi ya elektrovolti tatu. Nikarudia mara nne. Tasnifu yangu inasema karatasi yetu inashika chuma kwa nguvu ya 3.9. Kwa namba yangu ni 0.8. Yaani haijakishika, imekiegemea tu. Sisi tumewasha spini kwenye karatasi na chuma chake, halafu atomu peke yake tukaichukua kwako, ambako nadhani imezimwa. Mguu mmoja una kiatu, mwingine uko peku.

Nilimpelekea Profesa. Akasema namba ya ukutani imepita mbele ya majopo saba na madaktari saba wametoka nayo, mimi ni nani. Nikamkumbusha wale watu wa maabara moja ya Tunis waliojaribu karatasi hiyo kwa mikono yao, chuma kikajikusanya vidongevidonge. Akasema watu wale hawajui kuosha vyombo.

Kwa ufupi: mwaka huu ni wa sita, wa mwisho. Nisipotetea kabla ya tarehe 30 Juni jina langu linafutwa. Bila sahihi ya Profesa sitetei, na Profesa hatii sahihi mpaka nirudishe 3.9. Mimi 3.9 sirudishi. Nataka jambo moja tu kwako, neno moja: uliwasha spini au hukuwasha?

Huaria Meddah


Tilimsani, Jumatano 1 Februari 2023

Huaria,

Simu niliikata mimi, mtandao hauna kosa. Na barua yako ilifika imelowa asali, nikaisoma kwa kuibandua kama ngozi ya kitunguu.

Mimi ni muuza halua, mwanangu. Ukitaka kujua semolina inataka samli kiasi gani, uliza, nitakujibu mpaka uchoke. Mambo ya kisanduku kitupu niliyaacha kwenye jengo hilo pamoja na koti langu jeupe. Unanielezea kutoa na kujumlisha kana kwamba nimeanguka kwenye sufuria. Nani alikulea?

Neno moja umeomba, nakupa: sikuwasha. Mwaka ule tulikuwa na mashine moja yenye feni mbili, na feni moja ilikuwa mgonjwa. Chuma ukikiwashia spini hesabu haikutulia, inapanda inashuka siku tatu, halafu umeme unakatika unaanza upya. Nikaizima, namba ikaja.

Lakini usinifanye mjinga. Niliandika. Chini kabisa ya karatasi ile niliandika kwa mkono: "Chuma: bila spini. Irudiwe." Kama ninyi kizazi cha miwani hamjauona mstari huo, basi ni fremu. Fremu ya Profesa ina kingo nene, atakuwa ameufunika. Ifungue utazame, na mimi uniache na kazi zangu.

Masinia yangu yalirudi yananuka sabuni ya nguo. Yaoshwe kwa majivu na ndimu.

Zulikha


Wahran, Jumanne 7 Februari 2023

Dada Zulikha (nimeamua wewe ni dada, ukitaka kata barua),

Nimesoma barua yako nimesimama ngazini, nikakaa chini hapohapo. Uliandika! Basi kosa si lako wala si langu, kosa ni la ubao wa fremu.

Profesa yuko safarini, anarudi tarehe 26, siku ya kikao cha maabara. Nitaifungua mbele yake na mbele ya wote. Sitaifungua kwa kujificha, kwa sababu nikiifungua peke yangu watasema mstari niliuandika mimi. Nimeshanunua bisibisi. Mama yangu, Bi Kheira, ananiuliza bisibisi ya nini, nikamwambia ya udaktari. Yeye ameshashona gauni la siku ya kutetea na ameshaalika mtaa mzima, tangu Oktoba, kabla hata sijamaliza sura ya tatu.

Ami Lahsen anasema hukumpa salamu za kuniletea. Mpe.

Huaria


Wahran, Jumatatu 27 Februari 2023

Bi Zulikha,

Hakuna mstari.

Nilipanda kwenye kiti mbele ya watu kumi na wanne. Profesa alikuwa ameshika kahawa yake. Nikasema, "Profesa, kwa idhini yako, Dokta Benchenafi aliandika onyo chini ya karatasi hii na fremu imelificha." Hakukasirika hata kidogo. Akaniambia, "Fungua, binti yangu, fungua." Nikafungua skrubu nne. Karatasi ilitoka nzima, pembe zote nne, haijakatwa. Chini kulikuwa kweupe. Nikaigeuza nyuma, kweupe.

Akasema, "Itazame vizuri kwenye taa. Labda ameandika kwa maji ya ndimu." Wakacheka. Faiza alicheka, Faiza ambaye nilimsomea tasnifu yake yote na kumrekebishia vielelezo. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti, bisibisi mkononi.

Walipoondoka Profesa alinibakiza. Hakupandisha sauti. Alisema nina nguvu, na nguvu zangu nazitumia vibaya, na mstari wa kufikirika hauwezi kuivunja kazi ya maabara ya miaka kumi na miwili. Akataka ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nikampa. Akasema, "Utatetea kwa 3.9 au hutatetea."

Nikamjibu sitatetea kwa 3.9.

Sasa nahesabu nyumbani kwa kompyuta ya mapajani, pembeni ya cherehani ya mama, na akishona meza yote inatikisika. Kitu kinachochukua saa sita maabara kinachukua siku mbili hapa. Sijali. Nitazihesabu atomu zote kumi na tisa.

Lakini wewe nataka unieleze. Nilikuuliza swali moja ambalo halikuwa na ubaya. Ungeweza kusema sikumbuki. Ungeweza kukata simu kama ulivyozoea. Kwa nini ulinipandisha kwenye kiti?

Huaria Meddah


Wahran, Alhamisi 9 Machi 2023

Kwa Dokta Zulikha Benchenafi, Tilimsani

Binti yangu mpendwa,

Ramadhani inakaribia na najua shughuli zako, basi sitakuchosha. Sijakuandikia miaka mingi na hilo ni kosa langu. Wewe ni mwanafunzi wangu wa kwanza, na kila halua yako inapopita mbele yangu nakula kwa fahari.

Kuna mwanafunzi hapa, hodari, mkaidi, anayelitumia jina lako. Nakuomba mistari miwili tu kwa mkono wako: kwamba namba ya chuma ni sahihi kwa njia zilizotumika wakati ule. "Kwa njia zilizotumika wakati ule", si uongo, unaona. Nitaibandika chini ya fremu na mambo yatatulia, naye atatetea kwa amani na mama yake atafurahi.

Mimi na wewe tulishazungumza jambo hili mara moja, mwaka ule, ofisini kwangu, na tulikubaliana. Sijawahi kumwambia mtu. Natumaini nawe hujawahi.

Wako katika elimu,
Profesa Miludi Ghalem


Tilimsani, Jumanne 25 Aprili 2023

Huaria,

Idi imepita, nimelala siku mbili, sasa naandika. Ramadhani nzima nilikuwa na kisingizio kizuri: watu wanataka halua. Nilikaanga kuanzia alfajiri mpaka magharibi ili nisikae na kalamu. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, imeshika mafuta, bado inasomeka.

Nilikudanganya. Sikuandika mstari wowote. Nilipokujibu nilikuwa nauamini nusu, kwa sababu nimejisimulia mstari huo miaka kumi na miwili. Kila nikiosha masinia ya maabara yenu nilijiambia, niliandika bwana, kama hawaoni shauri yao. Nikauona mpaka wino wake, wa bluu. Ila nusu nyingine ilijua. Ningeweza kukwambia ngoja, usifungue mbele ya watu. Sikusema. Niliona haya, nikaona afadhali aibu ikupate wewe. Hilo ndilo jibu la kwa nini nilikupandisha kwenye kiti, na hakuna jibu jingine zuri zaidi ya hilo.

Nikueleze na yaliyobaki. Nilitetea tarehe 30 Mei 2011. Wiki tatu baadaye chuo kilileta mashine mpya, na mimi kwa furaha tu, kwa kuijaribu, nikaiwashia spini atomu ya chuma. Ikatulia kwa dakika arobaini. Nikaona ulichoona wewe. Ile namba ya nguvu iliyonipa udaktari na pongezi za jopo iliporomoka mikononi mwangu, na makala ilikuwa imeshatoka. Nikachapisha ile namba, nikaenda ofisini kwa Profesa mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Nilidhani tutaandika marekebisho siku ileile.

Akaisoma. Akaniambia, "Zulikha, vigelegele vimeshapigwa. Halua za mama yako zimeshaliwa. Wewe umeona wapi mtu akarudisha halua?"

Nikanyamaza. Huko ndiko kukubaliana anakokusema katika barua yake, ambayo naiweka ndani ya hii uisome mwenyewe. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekaanga makruti siku nne kwa ajili ya jopo lile. Nilimwona machoni nikiwaza, nirudi nyumbani nimwambie nini? Nikaondoka chuoni nikasema nimechoka kusoma. Duka lilipokuwa langu, maabara yenu ikaanza kuagiza, na mimi nikaanza kuongeza sinia. Nilidhani nafanya toba. Nilikuwa nawaziba midomo, na wa kwanza wangu mwenyewe.

Imetosha. Leo asubuhi nimewaandikia wahariri wa jarida, kwa jina langu kamili, nikaomba makala yangu ya 2011 ichapishiwe marekebisho, na nikaweka namba zote mbili. Nakala nimempelekea mkuu wa kitivo, na madaktari wote saba. Kesho namwandikia Profesa. Na siku yako nitakuja, nitasimama ukumbini na kusema haya mbele ya mama yako na mtaa wake mzima.

Masinia safari hii yalirudi safi. Ahsante.

Zulikha


Tilimsani, Jumatano 26 Aprili 2023

Profesa Miludi,

Salamu. Umeniomba mistari miwili. Hii hapa.

Namba ya chuma si sahihi. Nilijua, na wewe ulijua.

Sasa ya ziada, maana mimi huongeza sinia. Utetezi wa tasnifu ni wa hadhara, mlango hufunguliwa kwa yeyote, na jopo likimaliza kuuliza, daktari yeyote aliyeko ukumbini ana ruhusa ya kuuliza. Mimi ni daktari, cheo ulinipa mwenyewe. Ukimnyima binti Meddah sahihi, nitakuja kwenye kila utetezi wa maabara yako, nikiwa na aproni yangu, na nitauliza swali moja tu: atomu ya chuma ikiwa peke yake mmeihesabuje? Nitauliza mwaka huu na mwaka ujao na mpaka ustaafu. Nina muda. Duka lina wasaidizi.

Uliniuliza nimeona wapi mtu akarudisha halua. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nikakosa jibu. Leo ninalo. Halua hairudi, lakini namba inarudi. Ndiyo faida pekee ya kazi ile uliyonifundisha, na uliifundisha vizuri.

Zulikha Benchenafi


Wahran, Jumapili 14 Mei 2023

Dada Zulikha,

Nilikukasirikia wiki nane, na nilikuwa nimezoea, hata nilikuwa nafanya kazi vizuri kwa hasira. Barua yako imenikatiza. Nililia, halafu nikaisoma tena nikakasirika upya, halafu nikamsomea mama. Mama akasimamisha cherehani. Akasema, "Huyo mwanamke aliogopa vigelegele vya mama yake." Akaendelea kushona. Basi nami yamekwisha, sina neno na wewe.

Profesa aliniita Alhamisi. Barua yako ilikuwa mezani, imekunjwa mara nyingi. Alitia sahihi mbele yangu, akanisukumia ufunguo. Akasema, "Tarehe 14 Juni. Na mimi nitakuwa kwenye jopo, na sitakuwa upande wako. Nitakuchambua mbele ya mama yako mpaka ujute." Nikamwambia nitakuwa pale. Si mwoga yule mzee, hilo nampa.

Wale madaktari saba, watatu wamenipigia simu. Mmoja ameshahesabu upya na ameniletea namba zake. Mmoja alinitukana. Faiza aliniambia kwenye simu, "Miezi minne, Huaria. Nimekaa na udaktari wangu miezi minne tu." Sikumwomba radhi.

Sasa sikiliza vizuri na usinune. Nakuomba usije. Ukisimama ukumbini watasema namba imebadilishwa kwa sababu muuza halua ameona haya. Nami sitaki ikubaliwe kwa haya ya mtu, yako wala ya Profesa. Nataka ikubaliwe kwa sababu nimeihesabu. Nimezihesabu zote kumi na tisa, kwenye meza inayotikisika, na kumi na nne kati ya namba za ukutani si sahihi. Atomu peke yake ndiyo hesabu ambayo watu wote waliiruka. Niache niitetee nikiwa peke yangu.

Halua lete. Mama anasema makruti, na usitie maji ya waridi mengi kama ya watu wa Tilimsani.

Huaria


Tilimsani, Jumamosi 20 Mei 2023

Huaria,

Nimenuna siku tatu. Siji.

Mwambie Bi Kheira maji ya waridi nitatia kama ninavyotia, akitaka makruti makavu akanunue kwa watu wa Wahran.

Profesa akianza kuuliza taratibu, kwa upole, akikuita binti yangu, hapo ndipo panapouma. Usimjibu upole. Mjibu namba.

Zulikha


Wahran, Jumapili 18 Juni 2023

Dada Zulikha,

Najua Ami Lahsen ameshakwambia, maana alikaa mstari wa tatu na kusinzia. Lakini yeye atakuwa amekwambia habari za gauni la mama. Mimi nikwambie mengine.

Utetezi ulichukua saa mbili na robo. Wenzake Profesa watatu kwenye jopo waliuliza nusu saa kila mmoja, maswali ya kawaida. Profesa alijiwekea zamu ya mwisho. Akaanza kama ulivyosema, "Binti yangu." Aliuliza kuhusu upana wa kisanduku, nikajibu namba. Aliuliza kwa nini hesabu yangu ya kobalti ilitulia na ya wengine haikutulia, nikajibu namba. Akauliza, "Na kama karatasi yetu inashika chuma kwa 0.8 tu, basi tasnifu yako ina faida gani? Umetuonyesha kwamba hatuna kitu." Nikamwambia, "Ndiyo, Profesa. Nimeonyesha hatuna kitu. Wale wa Tunis walijua tangu zamani, na vyombo vyao vilikuwa safi." Kuna mtu alicheka, sijui nani. Nadhani ni Faiza.

Wamenipa udaktari, daraja la kawaida, bila pongezi za jopo. Mwenyekiti hakumaliza hata sentensi, mama akapiga vigelegele, mtaa mzima ukamfuata. Nilisimama pale, dada, na hakukuwa na kitu hata kimoja ndani ya kazi ile ambacho ningeogopa kuulizwa.

Halafu tukaenda mezani. Profesa alikuja wa mwisho. Hakuchukua kitu. Alitembea upande huu wa meza, akarudi upande ule, midomo inacheza, nikaona anahesabu masinia. Akaniuliza, "Ni saba tu?" Nikamwambia saba ndiyo tuliyoagiza. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akachukua makruti moja, akala hapohapo amesimama, akaondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nimeingia maabara nimekuta fremu imeshushwa. Ameishusha mwenyewe, mlinzi alimwona. Ule msumari bado uko pale, na ukuta una alama nyeupe ya mraba. Wanafunzi wapya wananijia mmoja mmoja wananiuliza orodha mpya naiweka lini, maana hawajui pa kuinua macho. Nimewaambia kuna mtu naye anadaiwa mstari mmoja.

Uandike. Safari hii uandike kweli.

Dokta Huaria Meddah


Tilimsani, Alhamisi 22 Juni 2023

Itundikwe kwenye msumari wa maabara, bila fremu.

Nishati za atomu kumi na tisa, kila moja ikiwa peke yake: tazama tasnifu ya Dokta Huaria Meddah, ukurasa wa 61.

Namba yangu ya chuma ya Mei 2011: bila spini. Niligundua wiki tatu baada ya kutetea, nikanyamaza miaka kumi na miwili.

Wewe unayesoma hapa ukitafuta namba ya kunakili: usininakili mimi, na usimnakili Meddah. Washa mashine uhesabu.

Zulikha Benchenafi